Tofali lipi linakula saruji kidogo?

Anayejenga nyumba ya kawaida Tanzania ana matofali matatu ya kuchagua: la saruji la inchi 6, la udongo-saruji la kufungamana, na la kuchoma. Wengi huuliza bei ya tofali moja, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa matofali hayo hayalingani ukubwa. Uliza bei ya mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika.

Saruji ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa mfuko wako na kwa hewa pia. Kuzalisha tani moja ya klinka, kiungo kikuu cha saruji, hutoa zaidi ya kilo 800 za hewa ukaa, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hata kiwanda kitumie kuni, makaa au gesi.

Tupige hesabu. Mita ya mraba inaingia matofali kama 10 ya inchi 6. Mfuko wa kilo 50 ukifyatua 30, umeshatumia kilo 17. Ongeza ya kujengea na ya plasta pande zote mbili, unafika kilo 30 hivi. Ya kufungamana yanaingia kama 33. Mfuko ukitoa 70, ni kilo 24, na hayapangwi kwa saruji katikati. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umeyanadi kwa miaka mingi, na kwa haki.

Lakini ukimaliza ukuta huo halafu ukaupiga plasta ndani na nje ili ufanane na wa jirani, umepita kilo 30. Faida yote imeishia ukutani! Basi kama roho yako haitatulia bila plasta, nunua ya inchi 6 ya karibu na saiti, ukwepe na nauli ya lori.

Udongo wa matofali ya kufungamana nao upimwe kwanza. Tia kwenye chupa na maji, tikisa, acha utulie: mchanga uwe mwingi chini, mfinyanzi kiasi juu. Ukiwa mfinyanzi mtupu, tofali litapasuka.

La kuchoma ni rahisi nyanda za juu, ila tanuri linalolishwa magogo linamaliza msitu. Nunua pale tu wanapochomea pumba za mpunga.

Mwisho, soma mfuko. CEM I ni klinka karibu tupu. CEM II/B-P imechanganywa pozolana, majivu ya volkano, asilimia 21 hadi 35. Kwa kujengea na plasta, CEM II/B-P ya daraja la nguvu 32.5 inatosha kabisa. Ya 42.5 iweke kwa nguzo, lenta na zege la jamvi, na usikubali fundi aitumie kupigia plasta.