Ralanti Mbaya na Gesi Isiyoonekana

Mwenye kamioneti ya zamani yenye karbirateri anaujua ugonjwa huu: gari likisimama kupakia watu pale Nyawera, motere inatetemeka, kisha inazimika. Shoferi wengi wanakaza visi ya ralanti ili motere ikimbie zaidi. Hapo ugonjwa umefunikwa tu, haukupona.

Tukumbuke tunapokaa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Karbirateri iliyopimwa kwa miji ya pwani inatoa hapa esanse nyingi kwa hewa kidogo. Buji zinakuwa nyeusi, na monoksidi ya kaboni inaongezeka. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Basi tafuta sababu. Angalia filta ya hewa, starteri inayobaki imevutwa, na tundu dogo la ralanti lililozibwa na uchafu. Buji zikiwa nyeupe, huenda hewa inaingia pembeni, katika mpira uliopasuka. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio, mbali na waya za buji. Mlio ukibadilika, umepata. Maji, si esanse! Kuna mafundi wanaotumia esanse juu ya motere yenye moto, na sisi wa dispanseri ndio tunaofunga vidonda.

Kazi hii ifanywe nje. Majira ya mvua watu wanajifungia ndani ya garaje, na mlango ulio wazi nusu hautoshi. Weka mawe nyuma ya magurudumu, maana milima ya Ibanda haiheshimu freni ya mkono.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Wawili wakiumwa kichwa pamoja garini, msikimbilie kusema ni malaria.

Ukimkuta mtu ameanguka, fungua milango, zima motere, mtoe nje upesi. Asipopumua, mpulizie hewa kinywani. Usimpe maziwa: hayatoi gesi katika damu, na aliyezimia yanaweza kumziba pumzi. Mpeleke hospitali hata akisema amepona. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi inahitaji saa 4 au 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, saa 1 na nusu hivi.