Mkali ni nani, wimbo ni wa nani, upi utangulie? Ubishi wa mashabiki wa roki hauishi leo

UKITAKA kuona marafiki wakikosana bila pesa wala mapenzi kuhusika, waketishe mashabiki watatu wa roki meza moja kisha uulize swali moja tu: ni nani mpiga dramu mkali zaidi duniani?

Chai itapoa. Mmoja atamtaja John Bonham wa Led Zeppelin, wa pili atasema Neil Peart wa Rush, na wa tatu ataapa kwamba wote hao hawafui dafu mbele ya Dave Lombardo wa Slayer. Kabla hilo halijaisha, mtu atachokoza kuhusu kava, yaani wimbo wa msanii mmoja unaporekodiwa upya na mwingine. Likitulia, litazuka la tatu: ni albamu gani imepangwa vizuri, na ni wimbo gani uliwekwa mahali pasipo pake.

Wasee wa gengetone na drill huwatazama wakishangaa. “Si ni ngoma tu?” Ndiyo, ni ngoma tu. Lakini ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba ubishi huu wa aina tatu ni ubishi mmoja uliovaa nguo tofauti. Wote unauliza: kazi ya mwanamuziki hasa ni gani? Ni wepesi wa vidole, au ni kujua wimbo unataka nini na kuupa hicho tu?

Vidole au masikio?

Machi 2023, mwanahabari mmoja Marekani aliandika kwenye Twitter kwamba The White Stripes lilikuwa kundi kali lililoponzwa na mpiga dramu wake, Meg White. Mtandao ukawaka moto. Questlove, mpiga dramu wa The Roots, alimtetea Meg hadharani. Jack White, mwenzake katika kundi hilo la watu wawili kutoka Detroit, akaandika shairi la kumsifu. Mwishowe mwanahabari huyo aliomba msamaha.

Tuseme ukweli: wanaomponda Meg hawajatoa hoja yao hewani. Mapigo yake ni machache na hayana madoido. Kuna wanafunzi wa muziki wanaoweza kupiga anachopiga baada ya wiki chache za mazoezi.

Sasa chukua “Seven Nation Army” ya mwaka 2003. Hata kama roki si yako, wimbo huo unaujua. Ni ule mlio wa nota saba ambao mashabiki wa soka huuimba bila maneno. Viwanjani ulianza Oktoba 2003, mashabiki wa Club Brugge kutoka Ubelgiji walipokwenda Milan kucheza na AC Milan. Kufikia Kombe la Dunia la 2006, Waitaliano walikuwa wameufanya wimbo wao wa ushindi.

Kinachosikika pale kama besi si besi, maana kundi hilo halikuwa na mpiga besi. Ni gitaa lililopitishwa kwenye pedali inayoshusha sauti. Chini yake Meg anapiga pigo moja moja, wazi kama hatua za mtu anayetembea. Mwondoe umweke fundi wa madoido, na huo mlio utafunikwa. Uwanja mzima hauwezi kuimba madoido, lakini unaweza kuimba nota saba juu ya mapigo yanayoeleweka.

Je, hiyo inamaanisha kasi na ufundi ni bure? La hasha. Linganisha albamu mbili. Ya kwanza ni ile ya Ramones ya mwaka 1976 yenye jina la kundi lenyewe: nyimbo 14 za panki, nota chache, ndani ya dakika 29 hivi. Ya pili ni “Reign in Blood” ya Slayer, ya mwaka 1986: nyimbo 10, nayo pia takriban dakika 29. Muda ni karibu sawa, lakini kazi ni mbingu na ardhi. Kwa Slayer, usipokuwa na miguu ya Lombardo huna albamu kabisa. Kwa Ramones, Lombardo angekuwa kama kupika chai kwa viungo vyote vilivyo kabatini.

Hapa nyumbani tuna mfano wetu. Mwaka 2020 kundi la Duma kutoka Nairobi, ambalo lilikuwa na watu wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, lilitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki wa kasi ya kutisha na mayowe, lakini badala ya mpiga dramu wa kawaida midundo imetengenezwa kwa mashine. Shabiki mkongwe wa metali anaweza kununa na kusema huo si upigaji. Lakini mtu alikaa, akachagua mdundo upi uingie na upi utoke. Hiyo nayo ni kazi ya mwanamuziki.

Kava: kuiga au kuzaa upya?

Kwenye kava ndipo sauti hupanda zaidi. Kuna kambi inayoamini kwamba mwenye wimbo ni aliyeuandika, basi. Kambi nyingine inasema wimbo ni wa yule aliyeuimba ukakuingia moyoni.

Kambi ya pili hupenda kumtaja Jimi Hendrix. Bob Dylan alitoa “All Along the Watchtower” mwishoni mwa 1967, kwa gitaa lisilo la umeme na hamonika. Mwaka uliofuata Hendrix aliurekodi kwa gitaa la umeme linalolia kama upepo wa dhoruba. Matokeo? Dylan mwenyewe akawa anauimba jukwaani kwa namna iliyokaribia zaidi ile ya Hendrix.

Kambi ya kwanza nayo hujibu kwa David Bowie. Aliandika na kurekodi “The Man Who Sold the World” mwaka 1970. Nirvana waliuimba kwenye kipindi cha MTV Unplugged Novemba 1993, na Kurt Cobain alitaja wazi kwamba ni wa Bowie. Hata hivyo, Bowie aliwahi kulalamika kwamba vijana walikuwa wakimfuata baada ya shoo kumpongeza kwa kuimba wimbo wa Nirvana! Hebu fikiria jinsi hiyo inavyouma.

Wala si heshima tu inayopotea au kupatikana. Kuna pesa. Marekani, redio za kawaida hulipa watunzi, si waimbaji wa rekodi. Otis Redding aliandika na kuimba “Respect” mwaka 1965. Aretha Franklin aliurudia mwaka 1967 na ndiye dunia inayemkumbuka. Lakini kila ulipochezwa kwenye redio hizo, malipo ya utunzi yalikwenda upande wa Redding. Jina lilipata mmoja, hundi ikapata mwingine.

Sisi Wakenya tunaujua mjadala huu kuliko tunavyodhani. “Malaika” ulirekodiwa na Fadhili William, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakautoa mwaka 1981, na hadi leo watu wa Kenya na Tanzania hawajakubaliana ni nani hasa aliyeutunga. Them Mushrooms walitoa “Jambo Bwana” mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M tena wakatoka na toleo lao. Ukimuuliza mtalii, huenda atakwambia ni wimbo wa zamani usio na mwenyewe. Una wenyewe, na jina lao ni Them Mushrooms.

Sasa fikiria bendi changa ya roki hapa mjini. Ikipanda jukwaani na nyimbo zake, watu wanarudi kwenye simu zao. Ikipiga kitu cha Nirvana au Linkin Park, ukumbi unalipuka. Kava inawapa umati, lakini haiwajengei jina lao. Ndiyo maana ubishi wa kava si wa kupoteza muda. Bendi inayorudia kila nota jinsi ilivyo inauza kumbukumbu za watu wengine. Inayothubutu kuupindua wimbo, ikaupa mdundo wake na lugha yake, angalau inawaonyesha watu ina sikio gani. Kesho ikileta wimbo wake, kuna atakayetaka kujua.

Nani atangulie, nani afunge?

Ubishi wa tatu ndio unaowachanganya zaidi vijana wa siku hizi. Mpangilio wa nyimbo una maana gani wakati simu inaweza kuzichanganya zote kwa kubonyeza mara moja?

Turudi Februari 11, 1963, London. The Beatles waliingia studio na kurekodi nyimbo 10 kwa siku moja, sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, “Please Please Me”. John Lennon alikuwa na mafua na koo lilikuwa limechoka. “Twist and Shout”, wimbo wa kupiga kelele, uliachwa uwe wa mwisho kurekodiwa kwa sababu ungemaliza sauti yake kabisa. Kwenye albamu pia ukawekwa mwisho. Ile sauti iliyokwaruzika unayoisikia ni koo la mtu lililokuwa limebakiza wimbo mmoja tu.

Kumbuka pia kwamba “Twist and Shout” si wao. Ulikuwa umeshavuma mwaka 1962 kwa sauti za The Isley Brothers. Katika nyimbo 14 za albamu hiyo, 6 ni kava. Kundi linalosifiwa kwa utunzi kuliko makundi yote ya roki lilianza kwa kuimba za wenzake, likajua ipi ifunge mlango.

Enzi za santuri, mpangilio ulikuwa pia suala la fundi mitambo. Kila upande ulibeba dakika 20 na kitu. Sindano ilivyokaribia katikati ya santuri, ubora wa sauti ulipungua, kwa hivyo mara nyingi nyimbo tulivu ziliwekwa mwisho wa upande. Tena msikilizaji alilazimika kusimama na kugeuza. Led Zeppelin waliitumia nafasi hiyo vizuri katika albamu yao ya nne ya mwaka 1971: “Stairway to Heaven” unafunga upande wa kwanza, kisha kimya. Unabaki nao kichwani hadi uamke kugeuza. CD ilipokuja mwaka 1982, mapumziko hayo yaliondoka.

Leo hali ni ngumu zaidi. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Hesabu hiyo inamsukuma msanii kuweka utamu wote mwanzoni mwa wimbo, na nyimbo tamu mwanzoni mwa albamu. Novemba 2021, Adele alipotoa albamu “30”, Spotify ilikubali ombi lake na kuondoa kitufe cha kuchanganya nyimbo kisiwe ndicho kinachotangulia kwenye kurasa za albamu. Alitaka hadithi yake isikilizwe alivyoipanga. Adele ana nguvu ya kuomba hivyo. Bendi ya chipukizi kutoka Umoja au Kayole haina, na kama hakuna anayesikiliza kwa mpangilio, itaacha kupanga. Itatoa singo moja moja, na hatutajua kamwe ilikuwa na hadithi gani ndefu ya kusimulia.

Wimbo mmoja, mabishano yote

Ukitaka kuona haya yote yakikutana, sikiliza “Hurt” mara mbili.

Mara ya kwanza, usikilize wa Nine Inch Nails, wa mwaka 1994. Trent Reznor aliuandika akiwa katika miaka ya ishirini, na ni wimbo wa 14 na wa mwisho kwenye albamu “The Downward Spiral”. Unaufikia ukiwa umechoshwa na kelele za nyimbo 13, na ndipo kijana anapobaki peke yake akinong’ona.

Mara ya pili, usikilize wa Johnny Cash, wa mwaka 2002. Cash alikuwa na miaka 70 na afya mbovu, na alifariki mwaka uliofuata. Alibadilisha tusi moja tu katika maneno. Sauti inatetemeka, pumzi ni fupi, na hakuna ufundi wowote wa kujionyesha. Kwenye albamu yake, “American IV”, umewekwa wa pili, mara tu baada ya wimbo wa kwanza unaohusu siku ya hukumu. Yaani kwa Reznor ni mahali pa kuishia, kwa Cash ni mzee aliyesikia hukumu ikitajwa, akaanza kukiri. Reznor, ambaye mwanzoni hakulifurahia wazo hilo, alisema baada ya kuona video kwamba wimbo haukuwa wake tena.

Mkali ni nani hapo? Wimbo ni wa nani? Unafaa kuwa wa pili au wa 14? Kabla hujajibu, zisikilize albamu zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo hata mmoja. Ni kama saa mbili hivi kwa jumla. Ukimaliza, mtafute yule rafiki yako mbishi, na uagize chai ya watu wawili.