Je, Wajua? Saa Ikikosea, Tovuti Hufungwa
Je, wajua kwamba seva, ilhali mtandao wake u mzima, yaweza kushindwa kufungua baadhi ya tovuti kwa sababu tu saa yake imekosea tarehe? Kila tovuti salama huonyesha hati ya utambulisho yenye muda maalumu; saa ikikosea, seva huiona hati hiyo kuwa imekwisha au haijaanza kutumika. Hata saa ikiwa sahihi, hati yaweza kuleta shida: mnamo tarehe 30 Septemba 2021, hati-mama iliyotegemewa na mamilioni ya tovuti ilipofikia ukomo, mashine kuukuu zisizomtambua mrithi wake zilifungiwa milango. Ajabu zaidi, tangu Windows Server 2003, Microsoft yenyewe hubana kivinjari cha seva kwa makusudi, kwa ajili ya usalama, hivyo baadhi ya tovuti hazifunguki vizuri. Tena liko faili liitwalo hosts, linalooanisha majina ya tovuti na anwani zake, kongwe kuliko DNS, mfumo wa majina ya mtandao wa 1983: mstari mmoja uliosahaulika humo watosha kuipotosha anwani.