Shingo inapotuma maumivu mkononi: usikimbilie kisu, wala kinyozi

Je, mkono wako mmoja huwaka moto usiku, kuanzia begani hadi kwenye vidole, ukalazimika kuulaza juu ya kichwa ndipo upate usingizi? Je, umeanza kuangusha kikombe cha chai bila sababu? Ikiwa ndivyo, huenda ugonjwa wako hauko mkononi hata kidogo. Uko shingoni.

Hapa kwetu mwambao, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, si ajabu mtu mwenye dalili hizi kuambiwa ana baridi yabisi, au amepigwa na upepo, au ameulalia mkono. Wengine hushtuka wakidhani ni kiharusi. Yako maradhi mengi yanayotia mkono ganzi, lakini moja ambalo aghalabu husahauliwa ni diski ya shingo iliyochomoza.

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, kuna diski. Fikiria kitumbua: nje kigumu, ndani laini. Ukikiminya upande mmoja, cha ndani hutokea upande wa pili. Ndivyo diski inavyofanya ganda lake linapochakaa na kupasuka. Ute wa ndani huchomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaopita karibu, na juu ya kuubana huufanya uvimbe. Ndiyo maana shingo yenyewe huenda isiume sana ilhali mkono unateketea.

Jozi 8 za mishipa ya fahamu hutoka shingoni, na kila jozi ina eneo lake. Ukifika kwa daktari usimwambie tu kwamba mkono unauma. Mwambie ni kidole gani. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa sita. Ya kidole cha kati, mshipa wa saba. Ya kidole cha mwisho, mshipa wa nane. Diski zinazosumbua zaidi ni ile iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ile ya kati ya 6 na 7. Daktari makini atakipima pia kiwiko chako kina nguvu kiasi gani, na ataigonga misuli kwa nyundo ndogo. Uchunguzi huo hauhitaji mashine yoyote.

Ni nini kinacholeta haya? Umri ni sababu kubwa, kwa kuwa diski hupoteza maji kadiri miaka inavyosonga. Uvutaji sigara nao umo. Wengi watataja mzigo, na si bila sababu: jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, na kichwa chenyewe kina uzani wa kama kilo 5. Akina mama wa Ganze na Magarini wanaujua mzigo huo tangu utotoni. (Maji ya Baricho yanasafiri kwa bomba hadi Mombasa, lakini hilo ni la ukurasa mwingine.) Wapo pia wachonga mawe kwenye matimbo, wasukuma mikokoteni na madereva wa tuktuk. Hata hivyo usijilaumu haraka. Katika mji wa Rochester, Marekani, madaktari walichunguza rekodi za wagonjwa 561 wa ugonjwa huu waliotibiwa kati ya mwaka 1976 na 1990. Ni 15 hivi tu kati ya kila 100 waliokumbuka kuumia au kufanya kazi nzito kabla ya maumivu kuanza.

Utafiti huohuo una habari njema ambayo mgonjwa hupaswa kuambiwa kabla ya jambo jingine lolote. Walipofuatiliwa kwa miaka, 90 kati ya kila 100 walikuwa hawana dalili, au walibaki na usumbufu mdogo tu. Waliopasuliwa walikuwa kama robo. Kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe kwa muda wa miezi. Nafuu kubwa aghalabu huonekana ndani ya miezi 4 hadi 6. Miezi hiyo ni mirefu kwa mtu asiyelala, hilo halina ubishi, lakini ni tofauti na kuambiwa kwamba umeharibika maisha.

Sasa tuje kwenye picha ya MRI, maana hapo ndipo pesa za watu zinapoanza kupotea. Picha hiyo huonyesha diski vizuri kuliko eksirei. Tatizo ni kwamba huonyesha mno. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walichapisha matokeo ya picha za watu 1,211 wasiokuwa na dalili yoyote. Karibu 88 kati ya kila 100 walikuwa na diski iliyovimba. Kwa hivyo ukisomewa majibu kwamba diski yako imetokeza, swali la kuuliza ni hili: je, iliyotokeza ndiyo inayolingana na kidole changu kinachokufa ganzi? Kama hailingani, usikubali ikatibiwe picha badala yako. Na ikiwa maumivu yana wiki mbili tu na mkono bado una nguvu, mara nyingi picha inaweza kusubiri.

Matibabu ya mwanzo ni ya kawaida. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa muda mfupi, lakini tabia ya kupita duka la dawa kila jioni kuchomwa sindano ya diklofenaki ni ya hatari. Dawa hizi hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha shinikizo la damu. Kwa maumivu yanayochoma kama moto daktari anaweza kukuandikia dawa za aina nyingine, zinazotuliza mishipa ya fahamu.

Kola ya shingo je? Uholanzi waliwajaribu wagonjwa 205, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waliovaa kola na kupumzika kwa wiki 3, kisha wakaiacha kidogo kidogo, na waliofanyiwa fiziotherapia mara mbili kwa wiki, wote walipata nafuu haraka kuliko walioachwa waendelee na shughuli zao tu. Baada ya miezi 6 makundi yote yalikuwa sawa. Fundisho hapo ni kwamba kola ni ya wiki chache. Ukiivaa miezi, misuli ya shingo hulegea. Fiziotherapia inapatikana katika hospitali za serikali za Kilifi na Malindi, na mazoezi ukishafundishwa huyafanya nyumbani kwenye mkeka bila gharama.

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi na mikono ya upole hakuna ubaya mwingi, na kunalegeza misuli. Hatari ni mtu kuikamata shingo na kuizungusha ghafla mpaka ilie. Vinyozi kadhaa mjini humpa mteja huduma hiyo kama nyongeza baada ya kunyolewa. Kataa! Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo hupita ndani ya pingili hizo, na ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi papo hapo kwenye kiti. Mwenye diski iliyopasuka ana sababu ya pili ya kukataa.

Kuna pia sindano ya steroidi karibu na mshipa uliobanwa. Huwapa baadhi ya watu nafuu ya muda, lakini mwaka 2014 idara ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba sindano hizo za uti wa mgongo zinaweza, kwa nadra, kuleta upofu, kiharusi, kupooza au kifo. Shingoni ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Asiyetumia mashine ya picha kuongoza sindano asikuguse.

Upasuaji wa kawaida hupitia mbele ya koo. Diski huondolewa, kisha pingili mbili huunganishwa, au diski ya bandia huwekwa. Ni upasuaji unaojulikana tangu miaka ya 1950. Baada yake sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa muda, na diski jirani huenda ikachakaa baadaye. Mvutaji sigara mifupa yake huunga vibaya. Nchini Sweden wagonjwa 81 walipangiwa upasuaji, fiziotherapia au kola. Matokeo yalitolewa mwaka 1997: waliopasuliwa walipata nafuu mapema, lakini mwaka ulipotimia tofauti ilikuwa imetoweka. Kwa hivyo, ikiwa jamaa zako wameshaanza kupanga harambee au kutafuta mnunuzi wa shamba ili wakupeleke India, na wewe una wiki 5 tu za maumivu na mkono unashika vizuri, waambie wangoje.

Lakini zipo hali zisizongoja. Ukiona vidole vimekuwa vizito hata kufunga vifungo vya shati ni kazi, miguu inakaza au unayumba ukitembea, umeme unashuka mgongoni unapoinamisha kichwa, mkojo au choo hakizuiliki, au nguvu za mkono zinapungua siku hadi siku, basi si mshipa mmoja tena unaobanwa, ni uti wenyewe. Hapo kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu wa kudumu, na upasuaji ndio njia. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya shingo pia ni safari ya hospitali upesi, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo. Na maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kifua kubana yapelekwe hospitali saa hiyo hiyo, yasingoje fiziotherapia.

Nyumbani, lala chali au ubavu, si kifudifudi. Mto mmoja wa usufi usio mnene sana watosha. Ndoo ibebwe kwa mkono, nusunusu, au kwa mkokoteni.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, Kilifi nusu yake, na daktari bingwa huenda akakutuma Nairobi. Kabla ya kuondoka uliza Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipia nini na wewe utatoa nini mfukoni. Beba barua ya daktari wako, orodha ya dawa ulizotumia na picha zenyewe, si ripoti pekee. Ukizisahau, utaambiwa upigwe nyingine, na utalipa mara ya pili.