Wapelekeni Watoto Wakamwone Kasa

Je, ndugu msomaji, mwanao amepata kumwona kiumbe wa bahari aliye hai? Watoto wengi wa mijini humjua samaki akiwa mezani pa muuzaji sokoni, au akiwa kikaangoni. Hata wale waishio hatua chache kutoka pwani huitazama bahari kana kwamba haina wenyewe. Kasoro hii ni yetu wazazi, nayo yaweza kurekebishwa kwa matembezi ya siku moja.

Hivi karibuni mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4, tulikwenda Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita 60 hivi kwa daladala. Huko lipo bwawa la Mnarani, lililopata jina kutokana na mnara wa kuongozea vyombo ulio jirani. Bwawa hili ni shimo la asili katika mwamba wa matumbawe. Maji ya bahari hupenya chini kwa chini, yakajaa na kupwa pamoja na bahari yenyewe. Tangu mwaka 1993 wanakijiji wamelitumia kuwahifadhi kasa walionaswa nyavuni.

"Shikamoo babu," watoto walimwamkia mzee aliyekuwa akitupa mwani majini.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni."

Kasa mmoja akaibuka, akatoa kichwa na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mdogo alijificha nyuma ya mama yake. Mkubwa aliuliza, "Babu, huyu amefungwa kwa kosa gani?"

Mzee alicheka, kisha akajibu taratibu: "Hana kosa, mjukuu wangu. Jarife lilimkuta malishoni. Akipata nguvu atarudi kwao."

Jibu hilo lilifungua maswali mengine mengi. Kasa si samaki. Ana mapafu kama sisi; akinaswa chini asiweze kupanda juu, hufa maji. Jike hupitisha miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga, naye hurudi kutaga katika pwani za upande ule ule alikoanguliwa. Hufukia mchangani mayai yapatayo 100 kwa mara moja, na baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka na kuikimbilia bahari. Joto la mchanga ndilo liamualo jinsia: mchanga ukiwa na joto zaidi, majike huwa wengi zaidi. Wengi huliwa na kaa, ndege na samaki wangali wadogo. Basi kumwua kasa mmoja mzima ni kupoteza kazi ya miaka mingi.

Mzee alitueleza pia kwamba kasa huweza kudhani mfuko wa plastiki ni konyeza, akaumeza, ukamziba tumbo. Haikupita nusu saa, upepo ukaipeperusha karatasi ya nailoni ya biskuti kutoka mkononi mwangu, ikaelekea majini.

"Baba, unamlisha kasa nailoni!" mkubwa alipiga kelele.

Nilikimbia nikaidaka ukingoni, watu wakinitazama. Nilikuja kufundisha, nikafundishwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni, 2019, lakini sheria haiwezi kukaa mfukoni mwa kila mtembezi. Hiyo ni kazi ya malezi.

Basi, mzazi, ukiazimu safari kama hii, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Mshike mkono mtoto mdogo anapokaribia ukingo. Usimruhusu kumwinua kasa wala kumpanda mgongoni, hata kwa ajili ya picha. Kiumbe anayeuguzwa si mchezo wa mtoto. Usinunue kitana wala bangili ya gamba la ng'amba. Na mwanao akiuliza swali gumu, usimnyamazishe.

Jioni, ndani ya daladala, mdogo alilala. Mkubwa aliendelea kuuliza kama yule kasa ataijua njia ya kwao atakapofunguliwa. Nilimwambia ataijua. Lakini kama ataikuta salama, ndugu msomaji, hilo linatutegemea mimi na wewe.