Vitanda Vimejaa, Majirani Wamekataa: Biashara ya Makao ya Wazee Nairobi

Anayeshangaa kwa nini ada za makao ya wazee jijini Nairobi hazishuki ilhali makao yenyewe yanazidi kufunguliwa, asitafute jibu jikoni wala kwenye bei ya nepi za watu wazima. Atazame langoni. Hapo ndipo husimamishwa ule ubao wa kuwaarifu majirani kwamba mwenye ploti anaomba kubadili matumizi ya ardhi au kuongeza jengo, na kwamba mwenye pingamizi aandike. Majirani huandika.

Mengi ya makao ya kibinafsi ya jiji hili yalianza kama nyumba ya kuishi. Ni bangalo la zamani huko Karen, Lavington, Loresho au Runda, lenye bustani na lisilo na ngazi. Mwanzilishi mara nyingi ni muuguzi aliyestaafu, au mtu aliyekaa Uingereza miaka kadhaa akiosha na kulisha wazee wa watu, kisha akarudi na akiba na ujuzi. Hugawanya sebule kwa mbao, huweka vishikizo bafuni, hujenga rampu mlangoni, huajiri wahudumu wachache wa zamu, na biashara ikaanza. Wateja wa kwanza huletwa na kanisa au na daktari wa familia. Anayelipa aghalabu yuko ng'ambo: binti aliye Texas, kijana aliye Leeds, ndugu watatu wanaochangishana kila mwisho wa mwezi na kulaumiana kila katikati ya mwezi. Ada huanzia makumi ya maelfu ya shilingi na kupita laki moja kwa mwezi, ikitegemea kama mzee anatembea, anajilisha, na anakumbuka alipo.

Biashara ya namna hiyo huenda vizuri hadi vitanda vijae. Vikishajaa, ajabu ni kwamba ndipo mwenyewe huanza kulalamika.

Mmoja wao, mwenye makao upande wa magharibi mwa jiji, aliomba asitajwe jina wala mtaa kwa kuwa faili yake iko mezani kwa watu asiotaka kuwaudhi. Ana vitanda kumi na viwili na orodha ya familia zinazosubiri. Hesabu yake ni nyepesi. Usiku ni lazima awe na muuguzi mwenye leseni, wawe wazee watano au ishirini na watano. Jenereta ni moja, mpishi ni mmoja, mlinzi langoni ni yule yule, na gari la kukimbiza mgonjwa hospitalini halipungui bei kwa kuwa wazee ni wachache. Gharama hizo zote zikigawanywa kwa vichwa kumi na viwili, ada inakuwa kubwa kiasi cha kuwafukuza wateja wa tabaka la kati, wale hasa anaowataka. Zikigawanywa kwa thelathini, anasema, angeweza kuwashushia walimu wastaafu na makarani bei bila yeye kupata hasara.

Kwa hiyo aliamua kujenga vyumba kumi na vinane nyuma ya bangalo, mahali ambapo sasa pana migomba na kamba za kuanikia mashuka. Hapo ndipo kilio chake kinapoanza, naye hukisimulia kwa mfululizo wa mtu aliyekwisha kukirudia mara nyingi. Alimlipa mtaalamu wa mipango miji kuandaa ombi. Akamlipa msanifu wa majengo. Akamlipa mtaalamu wa tathmini ya mazingira. Akalipia tangazo gazetini, akasimamisha ubao. Barua za pingamizi zilipofika, aliambiwa apunguze jengo kutoka ghorofa moja hadi la chini tu, maana majirani hawakutaka mtu achungulie bwawa lao la kuogelea. Akalipia michoro mipya. Akaulizwa magari ya wageni yataegeshwa wapi, akaifyeka nusu ya bustani ambayo ndiyo iliyowavutia wateja tangu mwanzo. Kisha, kwa maelezo yake, afisa aliyekuwa anaijua faili akahamishwa, na aliyekuja akataka kuisoma upya.

Kinachomchoma zaidi si gharama. Ni baa iliyo karibu na kona ya barabara yao, inayopiga muziki hadi usiku wa manane, na maghorofa ya kupangisha yaliyochipuka mtaa wa pili. Kama hao walipata kibali, anauliza, wazee wake wanaolala saa mbili wamemkosea nani?

Swali hilo lina uzito, na katika jiji ambalo sheria za kutenga maeneo ya matumizi ya ardhi hupindika kwa mwenye nguvu halijibiki kwa urahisi. Lakini mwenye makao huyo naye ana upande asiopenda kuuonyesha. Alipoulizwa kama makao yalifunguliwa kabla au baada ya kupata kibali cha kubadili matumizi ya ploti kutoka nyumba ya familia, alirudi kwenye habari za baa. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inahesabu kubadili matumizi kuwa ni uendelezaji unaohitaji kibali, hata kama hakuna tofali lililoongezwa, na anayeendeleza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Wengi katika biashara hii walianza kimyakimya na kutumaini kurekebisha karatasi baadaye. Ombi la kupanua ndilo linalofichua kwamba hata jengo la kwanza halikuwa na ruhusa ya kufanya linachofanya.

Upande wa serikali ya kaunti, jibu huja katika nambari moja: siku 60. Afisa mmoja wa mipango, ambaye naye hakutaka kutajwa, aliitumia nambari hiyo kama ngao. Sheria hiyo ya 2019 inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 achukuliwe kuwa amepewa kibali. Kwa hiyo, kwa hoja yake, ucheleweshaji hauwezekani kisheria. Anayesema amesubiri mwaka mzima hakukamilisha nyaraka, au ana mshauri mbovu, au anatafuta wa kumlaumu.

Kwenye karatasi hoja hiyo haina ufa. Nje ya ofisi ni jambo jingine. Saa ya siku 60 huhesabiwa tangu faili iwe kamili, na anayeamua kama imekamilika ni ofisi ile ile inayodaiwa jibu. Kila hati mpya inayoombwa huirudisha saa mwanzo, angalau kwa jinsi waombaji wanavyoona mambo yakiendeshwa. Na hata ambaye siku zake zimetimia bila jibu, ampelekee nani ukimya huo? Benki haikopeshi kwa ukimya, na mkandarasi mwenye akili hachimbi msingi bila michoro iliyogongwa muhuri. Afisa alipoombwa aseme ni maombi mangapi ya makao ya wazee yaliyojibiwa ndani ya muda huo, alikisoma kifungu upya.

Baada ya jibu kuna mlima mwingine. Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya usuluhishi ya kaunti, na kutoka hapo njia iko wazi kuelekea mahakamani. Mitaa hii ina vyama vya wakazi vyenye mawakili miongoni mwa wanachama, watu wanaoweza kuendesha kesi bila kulipia saa. Mwenye vitanda kumi na viwili hana ubavu huo.

Majirani, kwa upande wao, si watu wa kubezwa. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni maji taka. Ploti nyingi za Karen na Runda hazijaunganishwa na bomba kuu la maji machafu. Hutegemea matangi ya chini ya ardhi na, kwa maji ya matumizi, visima. Tangi lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu sita halikukusudiwa kuhudumia wazee thelathini, wahudumu wa zamu tatu, na mashine za kufulia zinazozunguka tangu asubuhi kwa sababu ya mashuka yanayolowa. Likifurika, jirani aliye mteremkoni ndiye anayejua kwanza. Katika hilo mwenye makao tuliyezungumza naye alikuwa na jibu jepesi mno: angeita lori la kunyonya mara nyingi zaidi. Ploti ya nusu ekari inaweza kubeba mtambo mdogo wa kusafisha maji taka, lakini mtambo huo una bei, na bei hiyo haikuwemo katika hesabu yake ya kuwashushia walimu ada.

Kuna pia hati. Hati nyingi za umiliki za mitaa hiyo, hasa za ardhi ya kukodishwa na serikali, zina sharti kwamba ploti ni ya makazi ya familia moja. Majirani walionunua kwa bei ya juu wanasema walilinunua sharti hilo pamoja na ardhi.

Halafu kuna yale yasiyoandikwa kwenye barua za pingamizi. Gari la maiti linalosimama langoni mara kadhaa kwa mwaka. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayeita jina la mkewe marehemu saa nane usiku. Hofu kwamba nyumba ya jirani itashuka bei. Ukisoma pingamizi utakuta msongamano wa magari na mazingira. Ukikaa na waandishi wake kwenye chai utasikia habari za mauti. Na si siri kwamba baadhi ya walio mstari wa mbele katika vyama hivyo wenyewe wamevuka miaka 60, umri ambao Katiba ya 2010 inaanza kumhesabu mtu kuwa mzee.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Takwimu hiyo hutajwa katika kila hotuba kuhusu soko hili, na kila mwekezaji mpya huichukua kama idadi ya wateja. Si hivyo. Wengi wa wazee hao wako mashambani, na kwa familia nyingi kumpeleka mama kwenye makao bado ni sawa na kumtupa, jambo linaloweza kuzua kikao cha ukoo. Malipo ya mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, yaliyopanuliwa mwaka 2018, hayanunui kitanda: kwenye makao yanayotoza 60,000 kwa mwezi, ni gharama ya siku moja. Soko halisi ni dogo, la mjini, na linategemea zaidi thamani ya dola kuliko sensa.

Sera nayo haitoi mwongozo. Kwa watoto, mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka waondolewe kwenye makao na kurudishwa kwenye familia. Kwa wazee hakuna msukumo unaolingana na huo, wa kufunga wala wa kujenga. Makao mengine yamesajiliwa kama kampuni, mengine kama shirika la hisani, mengine kama kituo cha afya, na kila mlango una mkaguzi wake au hauna kabisa. Makao ya masista na makanisa, yaliyotangulia haya yote, hupata majirani wapole zaidi, labda kwa kuwa hayatozi ada za aina hii, labda kwa kuwa yalifika kabla ya majirani.

Kuhusu wafanyakazi, upepo umegeuka kwa namna inayowafaa wenye makao. Uingereza ilipofungua viza yake kwa wahudumu wa wazee Februari 2022, vyuo vya kozi za miezi michache viliota kila mtaa, na makao ya Nairobi yakawa mahali pa kupatia barua ya uzoefu kabla ya kuondoka. Machi 2024 wahudumu hao walikatazwa kwenda na familia zao. Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Walioshika vyeti sasa wanabisha hodi Karen na Kiambu. Mishahara ya mwanzo haijapanda kwa sababu hiyo, jambo ambalo wenye makao hawalilalamikii.

Je, upanuzi utakuja? Mikopo imeanza kulegea: riba elekezi ya Benki Kuu iliyokuwa imefika asilimia 13 mwaka 2024 ilishuka chini ya 10 kabla ya 2025 kwisha, ingawa benki hazikukimbia kushusha zao. Madalali wanawaonyesha wenye makao ploti za Kitengela, Juja na Ngong, ambako ekari nzima haifikii bei ya kipande cha Karen na majirani ni wachache. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekuja likizo ya wiki mbili kutoka Marekani hataki kuzimalizia kwenye foleni ya barabara ya Mombasa, na mzee aliyepata kiharusi hahesabu kilomita, anahesabu dakika. Wengine wameanza kupeleka wahudumu majumbani badala ya kujenga, biashara isiyohitaji ubao wala tangi jipya, na huenda ndiyo itakayokua haraka, kwa wale ambao nyumbani kwao kuna chumba cha mhudumu na mtu wa kumsimamia.

Mwenye makao mwenye vitanda kumi na viwili amekwenda kuitazama ploti moja ng'ambo ya Ngong. Aliipenda. Muuguzi wake wa usiku alimwambia nauli ya huko haiwezi, na bado hajapata mwingine.