Golf ya Kwanza Haifufuliwi na Mtu Mmoja

Mwenzetu anayeishi Ujerumani akikuambia amenunua gari la mwaka 1979, swali linalokujia haraka ni la injini. Inawaka? Inavuta? Imeshafunguliwa mara ngapi? Nyumbani tumezoea kuuliza hivyo, kwa kuwa huko gari likikuangusha njiani, mara nyingi tatizo ni injini, gia boksi au shokapu. Kwa Volkswagen Golf ya kizazi cha kwanza, injini ingoje. Uliza kwanza hali ya bodi, hasa mabati ya chini ya milango. Kisha uliza kama mwenye gari ana rafiki wa kushika naye kazi.

Mimi na rafiki yangu tunaifufua Golf ya namna hiyo kwenye gereji ya nyumbani kwake. Yeye alijifunza ufundi wa bodi Gerezani, Dar es Salaam, kabla ya kuja huku Ujerumani. Kila hatua ya kazi imeturudisha kwenye historia ya gari lenyewe, kwa sababu jinsi lilivyozaliwa ndiyo inayoamua linaharibikia wapi na linatengenezwaje.

Kampuni iliyotegemea gari moja

Wengi wetu tuliijua Volkswagen kupitia Beetle, lile gari la mgongo wa duara. Afrika Mashariki lilijijengea heshima kwenye vumbi na tope: lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa upepo, kwa hiyo halikuwa na radieta ya kuchemsha mlimani. Februari 1972 idadi ya Beetle zilizotengenezwa ilipita milioni 15, rekodi ya Ford Model T ikavunjwa.

Nyuma ya sherehe hiyo palikuwa na hofu. Kampuni ilikuwa imeegemea gari lililobuniwa miaka ya 1930, na wanunuzi wa Ulaya walishaanza kutaka gari lenye injini mbele, lenye nafasi ndani, lisilokunywa mafuta mengi. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla duniani kote. Mwaka 1974 Volkswagen ilipata hasara ya zaidi ya mark milioni 800.

Bahati nzuri dawa ilikuwa imeanza kuchemshwa mapema. Kurt Lotz, aliyeiongoza kampuni hadi 1971, alimpa kazi ya kubuni gari jipya Giorgetto Giugiaro, mbunifu Mwitaliano aliyekuwa ameanzisha Italdesign mwaka 1968. Mrithi wa Lotz, Rudolf Leiding, aliufuta mradi mwingine wa gari ambalo injini yake ingekaa chini ya kiti cha nyuma, akaelekeza nguvu kwenye gari la Giugiaro. Machi 1974 gari hilo, Golf, likaanza kutengenezwa katika kiwanda cha Wolfsburg. Julai mwaka huohuo Beetle ya mwisho ikatoka katika kiwanda hicho. Kufikia Oktoba 1976 Golf milioni moja zilikuwa zimeshaundwa.

Golf haikubuni kila kitu. Mini ya 1959 ilishaonyesha kwamba injini ikilazwa kwa upana, gari fupi linabeba watu kwa raha. Autobianchi Primula ya 1964 iliongeza mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, na Renault 5 ya 1972 ikaufanya mlango huo upendwe mjini. Golf iliyakusanya mambo hayo kwenye gari la urefu wa mita 3.7, lenye uzito wa chini ya kilo 800 kwa matoleo mepesi, na kiti cha nyuma kinachokunjwa ili upakie mashine ya kufulia. Hachibeki nyingi unazoziona leo, kuanzia Toyota Starlet za Dar es Salaam hadi Polo za Nairobi, zinafuata mpango huohuo.

Wepesi wake na kutu yake

Beetle imejengwa juu ya sakafu yenye uti wa chuma katikati, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ukizifungua, unainua bodi nzima na kuiweka pembeni. Golf haina chasisi ya kutenganishwa. Bodi yenyewe ndiyo chasisi: mabati membamba yaliyokunjwa, yakaunganishwa kwa vidoa vingi vya kuchomelea. Nguvu yake inatokana na umbo, mfano wa boksi la viatu ambalo likiwa zima halipindi, lakini ukikata upande mmoja linalegea lote.

Sehemu zinazobeba mzigo wa bodi ni zile zenye uwazi ndani, na ya kwanza kabisa ni vizingiti, yaani maboksi marefu ya chini ya milango. Maji yakiingia humo hayatoki upesi. Watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wanajua upepo wa bahari unavyokula milango ya gari. Huku chumvi inatoka barabarani: wakati wa baridi humwagwa lami nzima ili barafu iyeyuke, na magurudumu huirusha kwenye kila upenyo. Golf ya kizazi cha nne, iliyotoka 1997, ilikuja na bodi nzima iliyopakwa zinki. Zile za miaka ya 1970 hazikuwa na kinga hiyo.

Ndiyo maana kwenye Golf ya kwanza kutu ni suala la usalama. Kizingiti kikioza, gari linakosa mfupa. Ukaguzi wa kweli hufuata ramani hii: vizingiti na sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya kapeti, pembe za chini za madigadi ya mbele, sehemu ya chini ya kioo cha mbele, makombe yanayoshika shokapu, mahali ekseli ya nyuma inapofungwa, kuzunguka kioo cha mlango wa nyuma. Bomba la kujazia mafuta lipewe macho ya pekee. Linapita juu ya gurudumu la nyuma, na likioza linaingiza uchafu na maji kwenye tanki, hatimaye kwenye kabureta. Wengi wamesafisha kabureta mara kwa mara wakati ugonjwa uko nyuma ya gurudumu.

Vifaa vya ukaguzi ni bisibisi, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Rafiki yangu hupitisha sumaku taratibu juu ya rangi. Palipo na bati, inavuta. Palipojazwa puti nene, inalegea mkononi. Kisha anagonga. Bati zima linalia kwa sauti ya juu, bati lililooza linajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Mwisho anasukuma bisibisi. Kwenye kizingiti cha kushoto cha gari letu ilizama hadi karibu na mpini, na unga wa kahawia ukamwagika sakafuni. Rangi ya juu ilikuwa inang'aa.

Kazi ambazo zinadai mikono minne

Kukata kizingiti cha gari lisilo na chasisi ni sawa na kukata nguzo ya nyumba yenye watu ndani. Kabla ya msumeno kugusa bati, gari huwekwa sawasawa juu ya stendi imara, si juu ya jeki, na uwazi wa mlango hufungwa chuma cha kuukaza ili usibadilike. Upande mmoja unamalizwa kwanza ndipo unahamia wa pili. Katikati ya kazi mlango unarudishwa na kufungwa mara kwa mara, mmoja akiushika, mwingine akitazama nafasi kati ya mlango na bodi. Nafasi ikiwa pana juu na nyembamba chini, gari limeshuka, na bati jipya halichomelewi mpaka lirudi mahali pake.

Bati la bodi ni jembamba, halizidi sana milimita 1. Ukilichomelea kwa mstari mrefu linapata joto, linajikunja. Fundi huweka kidoa hapa, anasogea kule, anarudi baadaye. Betri huwa imeshatolewa, na tanki la mafuta pia, likahifadhiwa mbali. Kapeti na lami ya kuzuia kelele huondolewa, kwa sababu cheche ya chini huwasha moto juu, mahali ambapo anayechomelea haoni. Hapo mtu wa pili hukaa na mtungi wa kuzimia moto, macho kwenye sakafu, na kazi ikiisha hubaki akiangalia. Kwetu kazi hiyo ni yangu, na siichukulii kama ya msaidizi. Kwenye gereji iliyopakana na nyumba ya watu, huo ndio ulinzi wenyewe.

Breki nazo hazina ujanja wa mtu mmoja kwa vifaa vya kawaida. Ukishabadilisha mabomba na silinda, upepo unabaki ndani, na upepo hugandamizwa. Pedali inazama bila gari kusimama. Tunaanza na gurudumu la nyuma kulia, lililo mbali zaidi na masta silinda kwenye gari la usukani wa kushoto. Rafiki yangu yuko chini, amevika mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipeli, ncha nyingine imezama kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Mimi niko kwenye kiti.

"Kanyaga, kaka!"

Nakanyaga.

"Shikilia hapo!"

Anafungua nipeli robo mzunguko. Pedali inashuka chini ya mguu wangu, mapovu yanapita kwenye mpira. Anafunga.

"Achia!"

Nikiachia kabla hajafunga, upepo unavutwa tena ndani na kazi inaanza upya. Tunakwenda hivyo mpaka mafuta yatoke safi bila povu, huku kopo la juu likiongezwa lisikauke. Yakidondokea bodi yanaoshwa kwa maji papo hapo, maana yanakula rangi.

Injini yenyewe inasumbua kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Haina kompyuta. Ina kabureta, plagi na mkanda wa taimingi unaoonekana ukishafungua kifuniko. Mkanda ubadilishwe hata kama gari lilisimama tu, kwa sababu raba huzeeka bila kutembea. Mipira ya mafuta na ya breki vivyo hivyo. Kila kinachofunguliwa kitiwe kwenye mfuko ulioandikwa jina lake, na picha ipigwe kabla ya waya kuchomolewa.

Spea zinazotoka kusini

Watu hudhani spea za gari la Kijerumani hutoka Ujerumani tu. Golf ya kwanza ina historia nyingine. Ulaya ilipohamia kizazi cha pili mwaka 1983, Volkswagen ya Afrika Kusini iliona gari jipya ni kubwa na ghali kwa wateja wake, ikaendelea na umbo la zamani kwa jina Citi Golf. Lilitengenezwa Uitenhage, mji ambao sasa unaitwa Kariega, kuanzia 1984 hadi 2009. Miaka 25 hiyo iliziweka hai spea za gari ambalo Wolfsburg ilishaliacha. Si kila kitu kinaingia, kwa sababu wenzetu wa kusini walibadilisha mambo mengi, pamoja na dashibodi. Hata hivyo, kabla hujakata tamaa kwa kipande cha bati kisichopatikana Ulaya, uliza huko.

Sheria za huku

Ujerumani, gari lililofikisha miaka 30 tangu kusajiliwa mara ya kwanza linaweza kupata namba ya kihistoria yenye herufi H mwishoni, utaratibu ulioanza 1997. Mkaguzi lazima aridhike kwamba gari liko katika hali nzuri na linafanana na lilivyotoka kiwandani. Ushuru wake ni euro 191.73 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini, na linaruhusiwa kuingia maeneo ya mjini yanayozuia magari machafu. Kwa hiyo fikiri kabla ya kubadilisha rangi, rimu au viti kwa mapenzi yako tu.

Kumwaga oili barabarani au kwenye udongo ni kosa. Duka lililokuuzia oili mpya linapaswa kupokea ya zamani kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tunza risiti. Anayekaa kwenye fleti asome mkataba wa gereji yake, maana mingi inaruhusu kuegesha tu. Miji mingi ina karakana zinazokodishwa kwa saa, zenye lifti na vifaa, na huko hakuna jirani wa kugombana naye.

Ujuzi tuliokuja nao

Gereji nyingi za Ulaya leo hubadilisha vipande: kikiharibika kinatolewa, kipya kinawekwa. Saa ya fundi ni ghali kuliko kipande. Gerezani, au Kirinyaga Road ya Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, fundi alijifunza kulinyoosha bati, kulikata na kuliunda upya, kwa sababu kipande kipya hakikuwepo au hakinunuliki. Ujuzi huo ndio gari la mwaka 1979 linaouhitaji, na huku umekuwa adimu na wa bei kubwa.

Wenye ujuzi huo tunao. Wengine wanapanga maboksi maghalani usiku, wengine wanasafisha ofisi, kwa kuwa walichojifunza hakina karatasi. Mkaguzi anayelala chini ya gari kuangalia kizingiti hatazami cheti cha aliyechomelea, anatazama mshono. Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii, mtafute fundi wa kwenu kabla hujatafuta spea. Mlipe kama unavyomlipa fundi mwingine, usimgeuze kibarua wa wikendi kwa sahani ya pilau. Mpigie picha kazi yake, kabla na baada, azitunze. Siku atakapotaka kufungua karakana au kuomba ujuzi wake utambuliwe, atakuwa na kitu cha kuonyesha mezani.